Barua ya wazi kwa wakubwa: taarifa zetu zinanunuliwa kangomba, tunataka stakabadhi

Kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa TCRA, kwa Benki Kuu, kwa wizara ya mawasiliano, na kwa wabunge wetu wa Mtwara na Lindi.

Shikamooni wakubwa, na wale ambao hatuamkiani hivyo basi poleni na majukumu. Nawaandikia juu ya taarifa zetu binafsi na namna apu na makampuni yanavyozichukua.

Mimi nina steshenari hapa Rahaleo, Mtwara mjini. Natoa kopi, naprinti, nalamineti vyeti, natumia watu maombi ya ajira mtandaoni, najaza fomu za TIN na za mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, na pembeni nina kimeza cha uwakala wa miamala. Kwaiyo kabla sijamnyooshea mtu kidole nawaambia kabisa kwamba na mimi natunza taarifa za watu, tena nyingi tu, na haijawahi kutokea siku hata moja mtu akaja kuniuliza nazitunzaje. Hilo nitalirudia huko chini, msinikimbilie.

Kilichonifanya nikae niandike ni mama mmoja wa Tandahimba ambaye ni mteja wangu wa siku nyingi, akija mjini lazima apite. Mwaka mmoja kipindi cha kupulizia mikorosho kikamkuta hana kitu, vibarua wanataka hela, mashine ya kupulizia inataka petroli, na mnajua mkorosho haukungoji, ubwiri unga ukishaingia kwenye maua basi msimu wako umeisha kabla haujaanza. Mtoto wake wa kiume akamwambia mama mbona kuna mikopo ya kwenye simu, akamwekea apu moja iliyokuja kwa linki ya WhatsApp, wala haikutoka Play Store. Ikauliza ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu, ikauliza ruhusa ya kusoma meseji, ikauliza ya picha, kijana akabonyeza nakubali nakubali nakubali kama mtu anayefukuza nzi. Akaomba 50,000, ikaingia 36,000, nyingine wameshakata wenyewe wakaiita gharama za huduma, na deni likabaki elfu hamsini na ushee ndani ya siku 7. Siku 7! Korosho yenyewe inaokotwa miezi mbele huko.

Siku ya nane meseji zikaanza kwenda kwa watu. Zilienda kwa katibu wa chama chake cha msingi, zilienda kwa shehe anayemfundisha mjukuu madrasa, zilienda kwa mkwe wake yule aliyeoa binti yake kule Masasi, na zilikuja mpaka kwangu mimi kwa sababu kanisevu "Dada Steshenari". Meseji inasema mtu huyu ni tapeli na wewe umewekwa kama mdhamini wake, mwambie alipe la sivyo tutachukua hatua na wewe. Mimi mdhamini? Nani kaniuliza? Nilikaa naiangalia ile meseji nikajiona kama mtu aliyeamka akakuta jina lake limeandikwa kwenye ukuta wa choo cha stendi.

Wiki iliyofuata akaja dukani. Hakuja kutoa kopi, alikuja akakaa tu kwenye lile benchi. Akaniambia, "Mwanangu, mi nimekopa peke yangu, sasa hawa wote wamewaitia nini?" Alafu akanyamaza, akasema kilichomuua ni mkwe. Deni angelipa na kweli alilipa, aliuza mbuzi akalipa. Lakini mkwe, jamani, mtu ambaye mpaka leo akija nyumbani kwake anajifunika vizuri na chakula anamtengea pembeni kwa heshima, ndo asome kwenye simu kwamba mama mkwe wake ni tapeli. Hiyo inalipwa kwa mbuzi wangapi?

Sasa msifikiri hili ni jambo la vijiapu vya uchochoroni tu na kwamba makampuni makubwa ya huko Marekani yana ustaarabu wake. Lile swali la mama, mi nimekopa peke yangu hawa wengine wamewaitia nini, ndo swali lilelile lililoitikisa dunia mwaka 2018 ilipotoka habari ya Facebook na Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kampeni za siasa. Watu kama 270,000 hivi ndo walioweka apu moja ya maswali ya kupima tabia wakakubali masharti. Lakini kwa kuwa apu ile iliweza kuchukua na taarifa za marafiki zao, Facebook wenyewe walikuja kukiri kwamba waliochotewa taarifa wanaweza kufika milioni 87. Yani laki mbili na ushee wamekubali, milioni 87 wamebebwa. Taarifa zikaishia mikononi mwa watu wa kampeni za siasa. Mwaka uliofuata, Julai 2019, mamlaka ya biashara ya Marekani ikawatoza Facebook faini ya dola bilioni 5, na biashara ikaendelea.

Kwaiyo mtu akiniuliza je makampuni ya teknolojia yanaaminika na taarifa zetu, mi naona swali limekaa vibaya. Ngoja niwaulize nyinyi: mwenye ghala anaaminika? Karani wa mizani anaaminika? Mnunuzi wa korosho anayetoka huko anakotoka, mkulima wa Newala anamwamini? Hatumwamini mtu yeyote, na tunauza kila mwaka. Tunauza kwa sababu kuna mizani, kuna stakabadhi yenye jina lako na kilo zako, kuna mnada ambao bei inatajwa watu wanasikia, na siku hizi mnada wenyewe unapita kwenye mfumo wa soko la bidhaa, TMX. Mfumo wa stakabadhi ghalani uliingia kwenye korosho msimu wa 2007/08 na mpaka leo tunaulalamikia, malipo yanachelewa, makato mengi, unyaufu haueleweki, ila mkulima akiwa na karatasi yake mkononi ana pa kuanzia ugomvi.

Kabla ya hapo ilikuwa kangomba, na kwa ambao hamjakulia huku, kangomba ni kile kibakuli. Mlanguzi anakuja nyumbani kwako mwezi wa njaa, mtoto anaumwa au ada inadaiwa, anakupa hela kidogo na msimu ukifika anapimiwa korosho kwa bakuli lake, hakuna kilo hakuna karatasi, bakuli limejazwa mpaka lina kichuguu juu na bei alishaipanga yeye. Mkulima anakubali, ndio, kwa mdomo wake mwenyewe anakubali. Lakini serikali haikusema kwa vile mkulima alikubali basi ni halali, serikali ilipiga marufuku kangomba, na mwaka 2018 watu wa huku wanakumbuka uhakiki ulivyopita kijiji kwa kijiji kutafuta kangomba mpaka na wasiohusika wakachelewa kulipwa.

Basi ile "nakubali" aliyobonyeza kijana wa Tandahimba ni kangomba tupu. Ni mwezi wa njaa, masharti yako kwa Kiingereza kurasa na kurasa, maandishi madogo kama chawa, na kitufe cha kukataa ukikibonyeza apu inajifunga hela hupati. Alafu akija kulalamika anaambiwa si ulikubali mwenyewe. Bakuli lenyewe halionekani, hujui wamepima nini. Gesi ya Msimbati ilivyoondoka kwenda Dar angalau bomba tuliliona likichimbiwa tukagombana nalo, hizi taarifa zinaondoka usiku umelala.

Mama hakujua, na mimi nilikuja kujua baadae, kwamba ile ruhusa ya kusoma meseji ndo mbaya kuliko zote. Meseji zako za miamala zinaonyesha umeingiza shilingi ngapi, lini, kutoka kwa nani, salio limebaki ngapi, dawa umenunua wapi, mchango wa msiba umetoa kiasi gani. Anayesoma hizo anakujua kuliko mumeo. Google wenyewe walishaliona hili wakapiga marufuku apu za mikopo binafsi kusoma orodha ya majina na picha za mtu, sharti lililoanza tarehe 31 Mei 2023. Vizuri, lakini kilichofuata ni kama walanguzi wa kangomba walivyofanya, geti likifungwa wanapita njia ya panya, ndo maana ile ya mama ilikuja kwa linki.

Nanyi Benki Kuu hamkulala, hilo nalisema. Novemba 2024 mlitoa tangazo lenye orodha ya majukwaa na apu 69 zinazokopesha mtandaoni bila leseni. Niliiprinti nikaibandika hapa ukutani kwangu, na watu waliisoma. Ila orodha ya karatasi inapambana na kitu kinachobadili jina kwa siku moja. Ikifungiwa leo yenye nembo ya kijani, kesho inarudi ina nembo ya njano na jina lingine. Mama yangu wa Tandahimba atajuaje kwamba hii ya njano ni yule yule wa kijani?

Tukija kwenye sheria, sheria tunayo na siyo mbaya. Katiba ibara ya 16 inasema mtu anastahili heshima na hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Bunge likatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ikazinduliwa na Rais tarehe 3 Aprili 2024. Nimeisoma sheria yenyewe, steshenari siku za mvua hazina wateja. Inasema taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana, zisizidi kinachohitajika, zisikae kuliko muda unaotakiwa, na mwenye nazo ana haki ya kuuliza mnacho nini changu, kurekebisha, kuzuia kutumiwa matangazo, na kudai fidia. Kampuni inayotoa taarifa za mtu kinyume cha sheria inaweza kupigwa faini mpaka shilingi bilioni 5. Bilioni tano! Nilimsomea mama hicho kifungu akacheka, mara ya kwanza siku ile. Akauliza naenda kwa nani sasa, kwa mtendaji?

Hapo ndipo naomba tuongee taratibu maana kazi yote iko hapo. Mtu wa Nanyumbu au wa Liwale akifanyiwa hivi anaanzia wapi? Mtendaji wa kijiji hajui. Nilimpeleka mama polisi tukaambiwa hilo ni deni lipeni. Nikaingia mtandaoni nikajaza mimi kwa niaba yake, kwa bando langu na kompyuta yangu, na yeye simu anayotumia sasa hivi ni kiswaswadu kwa sababu ile smatifoni alimrudishia mwanae akasema sitaki kuiona. Malalamiko yanayoanzia kwenye tovuti ni ya watu wa mjini. Ya kwetu yaanzie kwenye namba za kubonyeza zenye nyota na reli, au kwa mtendaji mwenye fomu moja ya Kiswahili.

Na hili mnaliweza, msiseme ni ndoto. TCRA mliweza. Mliposema laini zisajiliwe kwa alama za vidole kuanzia Mei 2019, watu huku walipanga foleni, bibi wa miaka themanini vidole vimesagika kwa kubangua korosho mashine haivisomi, wanampaka mafuta wanafuta wanajaribu tena, lakini tulisajili, na Januari 2020 ambao hawakusajili laini zikaanza kuzimwa. Alafu mkatupa *106#, mtu anabonyeza anaona laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Mkatupa na 15040 ya kuripotia zile namba za matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Hiyo *106# mi naipenda sana, kuna mzee alikuta laini mbili asizozijua kwa jina lake, tukampeleka zikafutwa siku ileile, na alitumia kitochi.

Basi fanyeni kaka yake *106#. Nibonyeze nione ni kampuni gani zimechukua taarifa zangu za NIDA, lini, na kwa ajili ya nini. Kampuni ikichukua, nitumiwe meseji ya Kiswahili ya mistari miwili kama ile ya muamala: tarehe fulani kampuni fulani imechukua jina, namba na picha yako kwa ajili ya mkopo, ukiwa na neno bonyeza hapa. Hiyo ndo stakabadhi. Muamala wa shilingi 1,000 naletewa meseji papo hapo yenye namba ya kumbukumbu, lakini uso wangu, vidole vyangu na majina ya ndugu zangu wote vinachukuliwa kimya kimya. Na kidole siyo neno la siri, neno la siri likiibiwa nabadili, kidole nitabadili na cha nani?

Kenya jirani zetu walipata somo hilo. Mwaka 2023 mradi wa Worldcoin ulikuwa unapiga picha mboni za macho ya watu Nairobi kwa malipo ya sarafu za kidijitali, za thamani ya kama shilingi 7,000 za Kenya, watu wakajaa foleni mpaka serikali ikausimamisha mwezi wa nane, na Mei 2025 Mahakama Kuu yao ikaamuru taarifa hizo za miili zifutwe. Kangomba ya macho! Nigeria nao Julai 2024 tume yao ya ushindani na ulinzi wa walaji iliitoza Meta, wenye Facebook, dola milioni 220, na sababu mojawapo ni namna walivyotumia taarifa za Wanigeria. Nimeyataja haya maana kuna mtu ataniambia hawa ni wakubwa hatuwawezi. Sawa, ila Abuja siyo Washington na walijaribu.

Wapo pia wa kuniambia kama huna cha kuficha unaogopa nini. Njooni Mtwara wiki ya malipo ya korosho. Hela inaingia kwa mzee leo, kesho simu zinaanza, "Mzee hongera, malipo ya mnada wa pili yamefika eeh, mimi napiga kutoka kwenye mtandao wako kuna zawadi," na anamtaja majina yote matatu. Mzee hakuficha kitu. Bibi yangu alikuwa anafunga hela kwenye pindo la kanga na hakuna aliyewahi kumuuliza anaficha nini. Nisieleweke vibaya, kulipwa kwa simu na benki ni bora mara mia kuliko zile enzi mtu anatembea na hela ndani ya kiroba anavamiwa njiani, na kibanda changu kinaishi kwa hizo hizo simu. Simwambii mtu azime simu. Ila anayejua mzee kalipwa lini kajulia mahali fulani, na hakuna ofisi hata moja ya kumuuliza nani kaangalia.

Sasa nirudi kwangu, niliahidi.

Kwenye kompyuta ya dukani nilikuwa na folda inaitwa WATEJA. Miaka minne ya vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA, vyeti vya form four, picha za pasipoti, barua za talaka, majibu ya hospitali ambayo mtu alikuja kutoa kopi. Fleshi za watu zinaingia zinatoka. Vijana wawili wanaonisaidia wote wanaingia, neno la siri ni 1234. WhatsApp ya dukani iko wazi kwenye kioo kila mteja anaona mwenzie katuma nini. Na kuna daftari la miamala, jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kiasi, liko juu ya meza mwaka mzima na ukurasa ukijaa nachana nawapa watoto wafungie karanga. Sikuona kosa. Wote mtaani tunafanya hivyo.

Usiku ule baada ya mama kuondoka nikaifuta ile folda yote. Nikajisikia mtakatifu kabisa. Siku ya tatu akaja kijana wa Mikindani mbio mbio, kaitwa usaili, na cheti chake kilishaliwa na mvua mwaka jana, akasema dada si nilikuachia kwako ulisema kitakaa salama. Nilishindwa kumwangalia. Kwaiyo na kufuta siyo jibu rahisi, kuna mtu kumtunzia kwake ni wizi na kuna mtu kumtunzia ndo msaada pekee alionao, na mi sikumuuliza huyu wala yule, niliamua peke yangu mara mbili. Sasa hivi namuuliza kila mtu: nifute au nitunze, na mpaka lini? Wengi wanashangaa. Mmoja aliniambia hajawahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote, hata hospitali. Jibu naliandika kwenye karatasi mbili, moja yake moja yangu. Inanichukua dakika moja, na mimi nina kompyuta mbovu na printa inayokula karatasi. Makampuni yenye maghala ya kompyuta mnaniambia hayawezi?

Wabunge wetu, hili mlibebe bajeti ya wizara ikisomwa, ulizeni Tume ina watu wangapi wa kufika Mtwara na Lindi, na ulizeni ni kampuni zipi zimeshapigwa faini, zitajwe majina na kiasi, tuzibandike ukutani kama tulivyobandika zile 69. Tume, mkianza ukaguzi huku kusini msianze na maofisi yenye kiyoyozi. Anzeni na steshenari, anzeni na vibanda vya mawakala. Mimi duka langu liko wazi saa mbili asubuhi mpaka magharibi, daftari nimelifungia kabatini, ufunguo ninao mimi, na neno la siri la kompyuta nimebadili. Kijana wa Mikindani bado sijampatia cheti chake, tumeandika barua baraza la mitihani tunasubiri.

Wenu,
Dada Steshenari, Rahaleo, Mtwara.